Nyepesi Si Dhaifu: Chanuka na Waini Nyekundu za Ufaransa

Wasee wengi wa mtaa wakiona waini nyekundu imepauka kwa glasi, wanaskia wameingizwa boksi. Mtu anainua glasi, anaona vidole vyake upande wa pili, alafu anauliza nani ameongeza maji. Kwa base zetu, nyekundu fiti ni ile nyeusi ti, nzito, alkoholi imepanda, ile ukimeza kifua inashika moto. Ama ni ile ya sukari inashuka bila kuuliza swali. Mimi nadai tubonge kuhusu upande mwingine. Ufaransa kuna vilima na mabonde kibao penye wakulima wamekomaa karne kwa karne na nyekundu nyepesi, na hakuna siku waliona aibu juu ya rangi yake. Hiyo ndio fomu yao. Na ukitaka kuzijua vile ziko, usizinywe moja leo, ingine mwezi ujao. Ziweke mbili, tatu, nne kwa meza moja, glasi kando ya glasi, alafu uache ulimi ifanye kazi.

Wepesi unatoka wapi

Anza na rangi. Ukikamua zabibu nyeusi, mara mingi juisi inatoka karibu nyeupe. Wekundu karibu wote uko kwa ngozi. Kwa hivyo ngozi ikiwa nyembamba, ama ikikaa na juisi siku chache tu, waini inatoka imeng'aa. Kwa hiyo ngozi ndio kuna pia tanini, kitu ya kukausha fizi na kukunja ulimi. Tanini unaijua kitambo: ni ile hukushika ukinywa strungi yenye majani yalichemka yakasahaulika kwa sufuria. Nyekundu nyepesi haina hiyo mingi. Kwa nafasi yake inaleta uchachu, ule wa kujaza mate mdomoni mpaka unadai kuuma kitu. Alkoholi nayo mara mingi inacheza kati ya asilimia 12 na 13.

Sasa, rangi hudanganya watu ile mbaya. Mwaka wa 2001 watafiti watatu wa Ufaransa, Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu, walitoa matokeo ya jaribio moja noma. Walikusanya wanafunzi 54 wa mambo ya waini huko Bordeaux. Mara ya kwanza wakawapea waini nyeupe na nyekundu, kila mtu aandike harufu anaskia. Mara ya pili wakawapea ile nyeupe glasi mbili, lakini moja imetiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wanafunzi wakaielezea hiyo ya rangi na maneno ya nyekundu, matunda meusi na viungo, na kumbe kwa glasi ni nyeupe. Hao ni watu walikuwa wanasomea hiyo kitu. Kama jicho linaweza kuwabeba hao, litakubeba na wewe. Ukiona nyekundu imepauka ukaamua ni maji, ushahukumu kabla pua ifike kotini.

Friji kwanza, mdomo baadaye

Ile sheria ya kwamba nyekundu haiingii friji ilitoka kwa nyumba za mawe za Ulaya kabla watu wawe na hita. Joto la chumba huko lilikuwa kama digrii 16 ama 17. Keja ya Kasarani saa kumi jioni iko na hesabu yake, na Mombasa ndio usiseme. Nyekundu nyepesi inadai digrii 12 mpaka 14. Weka chupa kwa friji nusu saa ama dakika arobaini kabla ya kufungua. Ikikuwa na joto, alkoholi inaruka mbele inachoma pua, na tunda linalegea. Ikikuwa baridi kupita kiasi, harufu inalala na tanini kidogo iliyoko inakuwa kali. Hapo shika tumbo la glasi na viganja viwili, itaamka mos mos.

Glasi isiwe ya kunywea maji. Tafuta yenye tumbo pana na mdomo umejikunja ndani kidogo, juu huo mdomo ndio unashikilia harufu. Mimina theluthi tu. Weka karatasi nyeupe chini, inamisha glasi, cheki rangi pale kwa ukingo. Alafu nusa kabla hujazungusha, zungusha, unuse tena. Hizo harufu mbili hazifanani. Ya kwanza ni ile inatoka yenyewe, ya pili ni ile ilikuwa imejificha. Ukipiga mdomo, vuta hewa kidogo juu ya waini, izungushe mpaka ifike fizi, alafu umeze ama uteme.

Kutema hakuna noma. Watu wa hii kazi Ufaransa wanatema siku mzima. Ukiwa na chupa nne mbele yako, kutema ndio kutafanya ya nne ipate haki yake kama ya kwanza. Na kama uliendesha kukam, hiyo ndio njia pekee ya kuonja, na bado mpee beste mwingine funguo.

Kwa kila glasi, uliza maswali manne. Mate yanajaa haraka namna gani? Fizi inakauka ama inabaki laini? Naskia tunda gani, na kuna nini ingine nyuma yake? Nikishameza, ladha inakaa ama inaishia hapo hapo? Ukishajibu kwa glasi ya pili, rudi kwa ya kwanza. Hapo ndio utashtuka. Ya kwanza itakuwa imebadilika, juu sasa ulimi iko na kitu ya kuipimia.

Beaujolais: zabibu ilifukuzwa na bado iko

Ukitoka Lyon ukipanda kaskazini, unaingia Beaujolais, vilima vinanyooka mpaka mlangoni kwa Burgundy. Zabibu ya hapo ni Gamay. Hiyo Gamay iko na risto ya uchungu. Mwaka wa 1395, Duke Philippe wa Burgundy, yule waliita Jasiri, alitoa amri ing'olewe kwa mashamba yake. Alisema ni mmea mbaya, msaliti, unazaa mingi lakini hauna heshima. Alikuwa anadai Pinot Noir peke yake. Gamay ikasukumwa kusini, na huko ikapata mawe ya granaiti yenye ilipatana nayo kabisa.

Mwisho wa miaka ya 1990 wanasayansi walipima DNA wakapata Gamay ni mtoto wa hiyo hiyo Pinot, ikizalishwa na zabibu ya watu wa kawaida inaitwa Gouais Blanc. Chardonnay, ile nyeupe inaheshimiwa dunia mzima, imetoka kwa wazazi hao hao wawili. Kumbe Duke alikuwa anafukuza damu ya nyumba yake.

Ile kitu inafanya Beaujolais ikuwe vile iko ni njia ya kuchachusha. Mahali pengi zabibu zinapondwa kwanza. Hapa vichala vinavunwa na mkono, vinatupwa kwa tangi vikiwa vizima, na vikonyo vyake. Zile za chini zinapasuka na uzito, zinaanza kuchacha, zinatoa hewa ya kaboni dayoksaidi inajaza tangi. Sasa zile za juu hazina oksijeni, na bado hazijapasuka. Kuchacha kunaanza ndani ya kila punje, ngozi ikiwa bado imefunga. Rangi inatoka kidogo, tanini kidogo zaidi, lakini harufu za tunda zinazaliwa nyingi: stroberi, cheri, saa zingine ndizi mbivu na ile ya bablish. Ukinusa glasi ukaskia ndizi, jua hapo tangi ndio linabonga.

Hiyo ya ndizi ndio ilijulikana sana kupitia Beaujolais Nouveau, waini ya mavuno ya mwaka huo huo inauzwa wiki chache tu baada ya kuvunwa. Mwaka wa 1951 ndio waliruhusiwa rasmi kuitoa mapema. Kutoka 1985, inafunguliwa Alhamisi ya tatu ya Novemba, dunia mzima siku moja. Georges Duboeuf, mfanyabiashara wa hapo aliaga 2020, ndio aliisukuma mpaka ikafika Tokyo na New York. Ni waini ya sherehe, na kwa sherehe iko sawa. Shida ni venye wasee wengi waliishia hapo, wakadhani Beaujolais yote ni hiyo.

Kwa huo mtaa wenyewe kuna watu walikataa hiyo hukumu. Jules Chauvet, mkemia na muuza waini aliaga 1989, alikuwa anaonyesha kwamba ukiwa na zabibu safi unaweza chachusha na chachu ya shamba lenyewe na upunguze salfa kabisa. Vijana wa kijiji cha Villié-Morgon wakamskiza: Marcel Lapierre, Jean Foillard, Guy Breton na Jean-Paul Thévenet. Hii mbogi ya wanne ndio ilifanya wasee wa Paris waanze kuitisha Morgon, waini ya hapo, tena. Lapierre aliaga 2010, lakini leo ukiskia mtu anabonga kuhusu waini asilia, mzizi mmoja mkubwa unarudi kwa hivyo vilima.

Fleurie na Morgon, ana kwa ana

Lebo za Beaujolais ziko na ngazi tatu. Chini ni Beaujolais tu, kati ni Beaujolais-Villages, juu ni sehemu kumi zenye zinaandika jina lao peke yao: Saint-Amour, Juliénas, Chénas, Moulin-à-Vent, Fleurie, Chiroubles, Morgon, Régnié, Brouilly na Côte de Brouilly. Régnié ndio ya mwisho kuingia, 1988. Kuwa rada hapa: mara mingi hizo chupa za ngazi ya juu hazijiandiki Beaujolais kwa ukubwa, na Gamay haitajwi. Mfaransa anauza mahali, jina la zabibu unatarajiwa ulijue.

Kama una doh ya chupa mbili tu, chukua Fleurie na Morgon za mwaka mmoja. Zabibu ni ile ile. Vijiji vimepakana. Mimina zote mbili, weka juu ya karatasi. Fleurie mara mingi inakaa ya rubi, ukingoni inakaribia waridi. Morgon inaingia zambarau kidogo. Nusa Fleurie: maua yanakam kwanza, waridi na violeti, alafu raspiberi. Ikiingia mdomoni inateleza, fizi haisumbuliwi, na uchachu unakuja mwisho kusafisha. Sasa hamia Morgon. Maua yamerudi nyuma. Hapa ni cheri nyeusi, mbegu ya cheri pia, na kitu ya jiwe na udongo. Kati ya ulimi inajaza zaidi, na fizi za juu zinaskia mkono unashika, taratibu.

Tofauti iko chini ya miguu. Fleurie inasimama kwa granaiti ya waridi, mchanga mwembamba, maji yanapita haraka. Morgon, hasa ule mlima wanaita Côte du Py, iko juu ya mawe ya kale ya volkano, ya bluu, yameoza yakawa udongo. Ukirudi kwa Fleurie baada ya Morgon, ndio utaona venye iko nyepesi, na pia utaona vile imekaa imara. Hiyo waini imesimama bila kuegemea kitu. Ukiongeza ya tatu, iwe Moulin-à-Vent, kutoka kwa udongo wenye manganizi karibu na kinu cha upepo cha kale. Hiyo inaweza kukaa ghalani miaka kumi na zaidi, na ikizeeka inaanza kufanana na Pinot ya Burgundy, ule upande wa familia ulioifukuza.

Burgundy: Pinot na bei zake

Kaskazini ya Beaujolais kuna ule ukanda mwembamba wa Côte d'Or. Hapa nyekundu ni Pinot Noir, ngozi nyembamba, zabibu ya roho nyepesi. Baridi ikizidi inaumia, jua likizidi inaungua. Watawa wa Cîteaux walianza kulima shamba la Clos de Vougeot karne ya 12, na inasemwa walitenga kipande na kipande kulingana na ladha ya waini yake. Hiyo kazi ya kupima shamba na ulimi imeacha vipande 1,247 vyenye majina na mipaka yake, na 2015 UNESCO ikaviweka kwa urithi wa dunia. Fikiria hapo. Kulinganisha glasi kwa glasi, kile si tunafanya kwa keja na mabeste, ndio njia moja ilisaidia kuchora hiyo ramani.

Bei ya huko ni ya masonko. Romanée-Conti ni shamba la hekta 1.8 hivi, na mwaka wa 2018 chupa moja ya 1945 iliuzwa kwa mnada New York dola 558,000. Hiyo tuwachie wenyewe. Kwa lebo, juu kuna Grand Cru, chini yake Premier Cru, alafu kijiji, na mwisho Bourgogne peke yake. Hiyo Bourgogne ya kawaida ndio mlango wetu. Ukiiweka kando ya Fleurie, cheki vile Pinot inabonga na sauti ya chini. Tunda lake ni cheri nyekundu na raspiberi, lakini nyuma kuna majani yameanguka, uyoga, viungo kidogo. Gamay inakusalimia mlangoni. Pinot inakuacha ukae kwanza. Ukiipea dakika ishirini kwa glasi inabadilika, na hiyo ndio sababu haifai kuharakishwa.

Kitu moja ya kuangalia: hii miaka joto limepanda. Rekodi za mavuno ya Beaune, mji wa hapo Burgundy, zenye zinarudi nyuma mpaka 1354, zinaonyesha kutoka 1988 mpaka 2018 walivuna kama siku 13 mapema kuliko wastani wa karne za nyuma. Zabibu ikiiva zaidi, sukari inapanda, na sukari ndio inageuka alkoholi. Kwa hivyo cheki namba ya asilimia kwa lebo kabla utoe ganji. Ukiona 14 kwa Beaujolais ama Bourgogne, hiyo ni mwaka wa jua kali, na wepesi wake umepungua.

Loire: harufu ya hoho

Shuka na mto Loire mpaka Chinon, Bourgueil na Saumur-Champigny. Zabibu hapa ni Cabernet Franc. Ile Cabernet Sauvignon kila mtu anaitisha ni mtoto wake, DNA ilisema hivyo miaka ya 1990, mzazi wa pili akiwa Sauvignon Blanc. Mzazi ni mwepesi kuliko mtoto, na mimi naona ako na mengi zaidi ya kusema.

Nusa Chinon. Kabla ya tunda, utaskia pilipili hoho ya kijani, pale kisu inaikata kwa kachumbari. Hiyo harufu ina kemia yake, inaitwa pirazini, na inapungua vile zabibu inapata jua na kuiva. Kwa hivyo pua yako inaweza kukushow mwaka ulikuwa wa aje: hoho ikiwa kali, mwaka ulikuwa baridi, ikiwa imejificha nyuma ya raspiberi na violeti, jua lilitosha. Wasee wengine wanaikataa hapo kwanza. Usiikatae. Nusa, onja, alafu urudi baada ya kuuma kitu. Ule ukijani unakata mafuta na kuamsha mdomo.

Chini ya hivyo vijiji kuna jiwe la chokaa laini linaitwa tufo, ndilo lilijenga makasri ya Loire. Mashimo yenye mawe yalichimbwa sai ni maghala ya waini, baridi mwaka mzima bila stima. Rabelais, yule mwandishi wa karne ya 16 aliyependa kuandika kuhusu kula na kunywa, alizaliwa karibu na Chinon, na huo mji haujamsahau.

Kwa meza, Chinon iko nyepesi lakini ina mifupa. Ukiiweka baada ya Fleurie, tanini utaiskia. Haiumi, inakuna tu. Hapo ndio unaelewa wepesi una aina: kuna wepesi wa hariri na kuna wepesi wa kamba.

Jura: nyekundu inapita jicho

Mashariki, ukikaribia mpaka wa Uswisi, kuna Jura, mashamba kama hekta 2,000 tu kwa jumla. Mji wake wa waini ni Arbois, penye Louis Pasteur alikulia. Miaka ya 1860 Kaisari Napoleon wa Tatu alimwomba achunguze kwa nini waini za Ufaransa zinaharibika, na Pasteur akafanya kazi hiyo huko Arbois. Ile kupasteurisha maziwa tunajua leo ilianza na waini.

Zabibu ya kujaribu hapa ni Poulsard, na kijiji cha Pupillin wanaiita Ploussard. Ngozi yake ni nyembamba mno. Ukimimina utadhani ni rozé. Weka gazeti nyuma ya glasi, utasoma habari mpaka mwisho. Hapa ndio lile jaribio la Bordeaux linarudi kwa meza yako: jicho litasema hakuna kitu. Funga jicho. Kuna stroberi ya porini, komamanga, ganda la chungwa, na udongo uliopata mvua ya kwanza. Ikishuka inaacha uchachu na chumvi kidogo, na inakaa mdomoni muda kuliko nyekundu nyingi nyeusi. Kwa Jura nyekundu hizi zinaonjwa kabla ya nyeupe, juu nyeupe zao ndio nzito. Huo mpangilio pekee unatosha kuvunja ile sheria ya kwamba rangi ndio nguvu.

Poulsard ni ngumu kupata, eneo ni dogo na wanywaji wamekuwa wengi. Ukikutana nayo usiipite.

Chora meza yako

Hakuna haja ya kuwa sonko. Wasee sita wakichanga, chupa nne zinapatikana, na kila mtu anapata mdomo kadhaa wa kila moja. Mpangilio unatoka nyepesi kwenda nzito: Poulsard ukiipata, alafu Fleurie, alafu Bourgogne, mwisho Chinon. Kama ni Beaujolais tupu, anza na Beaujolais-Villages, pita Fleurie, maliza na Morgon ama Moulin-à-Vent.

Funga chupa na gazeti, mmoja wenu aandike namba, lebo isionekane. Msee akijua bei ya chupa, anaanza kuonja bei. Kila mtu aandike peke yake kabla ya kubonga, juu yule mwenye sauti kubwa akisema ndizi, wote wanaskia ndizi. Mkimaliza mzunguko, rudini nyuma. Alafu fungueni gazeti. Na kama chupa moja inanuka kadibodi yenye unyevu, hiyo ni kizibo kimeiharibu. Iwekeni kando, msiilaumu zabibu.

Chakula kiwe karibu, lakini onjeni kwanza bila. Huko Lyon, kwa zile hoteli ndogo wanaita bouchon, Beaujolais inamiminwa kutoka kwa kachupa ka sentilita 46 kenye kitako kizito, na kando kuna soseji kavu na nyama za ndani. Wanasema mji wao una mito mitatu: Rhône, Saône na Beaujolais. Kwetu hiyo hesabu inaingia bila kulazimishwa. Gamay ya baridi na mutura iliyojaa dania na pilipili, uchachu unakata mafuta unaacha viungo. Pinot na kuku kienyeji wa kuchoma. Chinon na mbuzi choma na kachumbari, hoho ikikutana na hoho. Poulsard na samaki wa kuchoma, kitu nyekundu nzito haiwezi juu tanini na samaki zikikutana mdomo unaskia chuma.

Fanyeni hivi mara kadhaa, mtaona mazungumzo yamebadilika. Watu wanaacha kuuliza ni asilimia ngapi, wanaanza kuuliza ilitoka upande gani wa kilima. Wanatofautisha uchachu na ukali, tunda na sukari, ukavu na uchungu. Hiyo lugha ukishaipata inakaa nawe kwa kila kitu unakunywa, kahawa na chai zikiwemo. Na hakuna muuzaji atakuuzia chupa juu ni nzito ama juu ni ghali, kwa sababu uzito na bei unazijua ni vitu viwili tu kati ya vingi, na mara nyingi si vya muhimu. Mwezi ukiisha, changeni. Ulizeni Fleurie moja na Chinon moja, zipitieni friji, na kila mtu aandike yake kabla ya kufungua mdomo.